Kesho ya Mwaka 1995

Mwaka 1995 kuna wasee wa Liverpool, Uingereza, walikaa chini wakaamua mwaka 2052 utakaa aje. Wakasema magari hayatakuwa na matairi, yataelea. Yatakimbia kwenye barabara zilizopinda kama utepe, Greenland kwenye barafu, hadi juu ya sayari ya Mars, na dereva atakuwa na kitufe cha kurusha kombora kwa mgongo wa aliye mbele yake. Gemu yenyewe inaitwa WipEout. Kama ulizaliwa baada ya 2000 kama mimi, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kuigusa. Mimi nimeicheza wiki tatu mfululizo hapa Ntimaru, kwa laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikufa kitambo, kwa hivyo stima ikipotea na mashindano yanaishia hapo hapo. Na nina mambo ya kusema.

Kwanza, hii si ile story ya "gemu za zamani zilikuwa tamu kuliko za siku hizi". Sina hiyo nostalgia. Huwezi kukosa kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho. Nimerudi kwa WipEout kwa sababu napenda kuangalia vile watu wa jana walichora kesho. Kesho ya zamani ina utamu wake: unajua kitu ambacho waliochora hawakujua. Ni kama kusoma barua ya mtu anayekuambia atakuwa wapi kesho yake, na wewe tayari unajua alifika au hakufika.

Sasa, inachezwa aje? Unachagua timu kati ya nne. Kuna AG Systems, Auricom, Qirex na FEISAR, na kila timu ina marubani wawili. FEISAR ndiyo chombo cha mtu anayeanza, kinageuka vizuri lakini hakina mbio. Qirex ni ya Warusi, nzito na ina kasi ya wazimu. Barabarani kuna alama zenye rangi, ukipita juu yake unapewa silaha: roketi, kombora, mabomu ya kuacha nyuma yako, ngao, au turbo. Kitu ambacho kilinishangaza ni kwamba katika hii ya kwanza huwezi kumuua mtu. Ukimpiga anapoteza kasi tu, anayumba, anaendelea. Kulipuka kabisa kulikuja na WipEout 2097, mwaka 1996, ambapo chombo chako kina nguvu ya kuisha na lazima upitie kwenye njia ya pembeni kuijaza.

Adui wa kweli katika ile ya 1995 ni ukuta. Ukigusa ukuta, hata kidogo, chombo kinasimama kama kimegonga ng'ombe. Kuna breki mbili za hewa, moja ya kushoto na moja ya kulia, na mpaka vidole vyako vijue kuzitumia bila kufikiria, utakuwa wa mwisho kila siku. Ilinichukua kama siku nne kumaliza Altima VII, ile barabara ya Canada, nikiwa kati ya watatu wa kwanza. Siku nne, buda. Barabara ya kwanza!

Ile hisia ya kukimbia sentimita chache kutoka kwa ukuta ukijua kosa moja limekumaliza, mimi nilikuwa naijua tayari. Yeyote aliyepanda Probox kutoka Kehancha kuja huku anaijua. Watu kumi na kitu ndani ya gari la watu watano, mmoja amekalia kiti kimoja na dereva, mzigo wa ndizi nyuma, kona ya mlima, na mbele kuna Probox nyingine ambayo lazima ipitwe kwa sababu abiria wa kituo kinachofuata ni wa atakayefika kwanza. Watu wa Liverpool walifikiria mbio za silaha ni kitu cha mwaka 2052. Hapa ni Jumanne.

Turudi kwa historia. Studio iliyoitengeneza iliitwa Psygnosis, ilianzishwa Liverpool mwaka 1984. Hii ilikuwa kampuni ya watu waliojua kuchora. Hata wakati gemu zao hazikuwa kali, maboksi yake yalikuwa yanapendeza kama albamu za muziki. Mwaka 1993 Sony wakainunua, kwa sababu Sony walikuwa wanajiandaa kuleta mashine yao ya kwanza ya gemu na walihitaji watu wa kuwatengenezea vitu vya kuweka ndani. PlayStation ilipofika Ulaya Septemba 1995, WipEout ilikuwa mojawapo ya gemu zilizouzwa pamoja nayo siku ya kwanza.

Wazo lenyewe linajulikana lilitoka kwa Nick Burcombe na Jim Bowers. Bowers alikuwa mchoraji aliyekuwa anacheza na picha za vyombo vinavyoelea. Burcombe naye alikuwa anapenda Super Mario Kart ya Nintendo, lakini alikuwa anazima muziki wake na kuweka muziki wa klabu, ile techno ya Uingereza ya wakati huo. Mbio za katuni, ngoma za usiku. Hapo ndipo ilipoanzia. Ukiichambua WipEout, ni Mario Kart iliyoenda klabu ikarudi asubuhi na miwani ya jua.

Na Sony wakaelewa hiyo kitu vizuri sana. Kabla ya hapo gemu zilikuwa zinauzwa kama vitu vya watoto. Sony wakaenda kwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Wakaweka PlayStation ndani ya klabu kama Ministry of Sound kule London. Wakachukua nyimbo za Leftfield, Chemical Brothers na Orbital wakaziweka kwenye toleo la Ulaya, juu ya zile alizotunga Tim Wright wa hapo hapo Psygnosis. Kazi ya michoro ya nembo wakawapa The Designers Republic, wabunifu wa Sheffield waliokuwa wanatengeneza majalada ya muziki wa techno. Kuna hata tangazo lilileta fujo, mtangazaji Sara Cox akionekana na mwenzake wakiwa wamezubaa na damu puani, na watu wakasema hilo ni tangazo la dawa za kulevya. Na ukiangalia ile filamu ya Hackers ya 1995, kuna sehemu mhusika anacheza gemu ya mbio kwenye skrini kubwa. Hiyo ni WipEout, toleo lililochorwa kwa ajili ya filamu.

Kwa hivyo ile "kesho" ilikuwa biashara tangu mwanzo. Ukitazama mwaka 2052 wa WipEout kwa makini, kitu unachoona zaidi ni nembo. Timu ni kampuni. Kuta ni mabango. Kwenye 2097 waliweka hadi matangazo ya Red Bull, kinywaji cha kweli, pembeni ya barabara. Wakosoaji wengine wa Uingereza wanasema hiyo ilikuwa kejeli, kwamba wabunifu walikuwa wanaicheka dunia ambayo kila kitu kina bango. Inawezekana. Lakini mimi nimekulia mahali ambapo duka la unga limepakwa rangi nzima ya kampuni ya simu, kuanzia msingi mpaka bati, na la jirani limepakwa rangi ya kampuni ya rangi. Mwenye duka hakuona kejeli. Aliona ukuta umepakwa bure. Katika utabiri wote wa WipEout, huu ndio ulitimia, na ulitimia miaka thelathini kabla ya wakati wake.

Lakini nimefikaje kuicheza? Hapa ndipo story inaanza kuuma.

Ile studio haipo tena. Psygnosis ilikuja kuitwa Studio Liverpool, ikaendelea kutoa WipEout moja baada ya nyingine, na Agosti 2012 Sony wakaifunga. Mwaka 2017 wakatoa mkusanyiko mmoja wa PlayStation 4 kwa jina la Omega Collection, wenye zile za baadaye, sio ile ya 1995. Kwa njia ya kawaida basi, ile ya kwanza ilikuwa karibu imekwisha. Kuicheza vile ilivyotoka ungehitaji mashine ya zamani, diski ya zamani, na televisheni inayokubali waya wa zamani.

Kisha mwaka 2022 kodi ya gemu, yaani maandishi yenyewe ya programu, ya toleo lile la kompyuta, yakavuja kwenye intaneti. Mwaka uliofuata mwanaprogramu Mjerumani anayeitwa Dominic Szablewski akaichukua ile kodi akaiandika upya. Aliyoikuta ilikuwa mchafukoge, vipande vya PlayStation na vya Windows vimeshonewa juu ya vingine na watu waliokuwa wanakimbizana na tarehe. Kutoka mistari kama elfu 40 akabaki na chini ya elfu 8. Na akaiweka iweze kuchezwa ndani ya kivinjari cha intaneti. Hakuna kusakinisha kitu. Toleo kamili ni MB 144. Toleo dogo, lisilo na muziki wala ile filamu ya kufungulia, ni MB 11.

Sitajifanya hapa ni mwanasheria. Haki za WipEout bado ni za Sony, na kodi iliyovuja ni kodi iliyovuja. Ila fikiria hiyo namba kama mtu anayenunua bando la shilingi ishirini. MB 11! Video moja ya TikTok ya mtu akikaanga mayai inaweza kula zaidi ya hiyo. Mimi nilichukua lile dogo. Na kwa sababu halina muziki, nikafanya kile Burcombe alifanya kabla gemu haijazaliwa: nikaweka simu kando ya laptopu, nikapiga arbantone. Inaingia, aki. Beat za mtaani na Qirex ya Mrusi ikishuka mlima wa Korodera.

Sasa nikaanza kuangalia ramani.

WipEout ya 1995 ina barabara saba. Canada, Japan, Ujerumani, Urusi, Marekani, Greenland, na ya saba, ya siri, iko Mars. Umeona? Kesho ya wale wasee ilifika Mars kabla haijafika Afrika. Hakuna mtu alikaa kwenye mkutano akasema "tuwaache Waafrika nje". Ndiyo maana inaniudhi zaidi. Hakuna aliyefikiria. Walichora dunia yote ya mwaka 2052 na bara la watu zaidi ya milioni 700 wakati huo halikuingia kichwani mwa yeyote hata kwa bahati mbaya.

Tuliingia 1999. WipEout ya tatu, iliyotengenezwa na tawi la Psygnosis la Leeds, ilileta timu mpya, na mojawapo ni ya Afrika. Inawakilisha kitu kinachoitwa Umoja wa Mataifa ya Afrika wa mwaka 2116. Nilipoisoma mara ya kwanza niliruka. Kisha nikaona jina: Assegai Developments.

Assegai ni mkuki. Ndiyo, katika mwaka 2116, Wajapani wana mifumo ya kuzuia mvutano wa dunia, Wazungu wana shirikisho la sayansi na utafiti wa viwanda, hiyo ndiyo maana ya herufi za FEISAR, na sisi tuna mkuki. Wenyewe si mkuki mbaya. Chombo ni kizuri, na timu ilipendwa mpaka ikarudishwa kwenye WipEout za baadaye. Ila chimba lile neno kidogo. Watu hudhani assegai ni Kizulu. Wazulu wanasema umkhonto, na ule mfupi wa kuchomea ni iklwa. Assegai lilitoka kwa Waberiberi wa Afrika Kaskazini, likapita kwa Waarabu, Wareno wakalichukua, na Wazungu ndio wakazunguka nalo wakiuita mkuki wa kila Mwafrika waliyemkuta jina hilo hilo. Kwa hivyo hata mkuki wetu wa mwaka 2116 umeitwa kwa jina ambalo mwenye mkuki halitumii.

Na mimi sina shida na mikuki kama mikuki. Bendera yetu ina miwili tangu 1963. Lakini huku kwetu, mpakani na Transmara, mkuki na mshale si pambo la ukutani. Uliza mzee yeyote wa Kuria kuhusu miaka ya wizi wa ng'ombe, usiku ambao watu walilala nje na mifugo, atakuambia. Babu yangu hakuwa anaubeba kwa ajili ya utamaduni. Alikuwa anaubeba kwa sababu ng'ombe wake walikuwa karo ya watoto wake. Mchoraji wa Leeds akiuona mkuki anaona Afrika. Babu akiuona anaona mwaka fulani.

Kuna sehemu nyingine Afrika ilikuwa ndani ya hii kesho, na hii haikuwa na nembo. Ukifungua kifaa chochote cha elektroniki cha miaka ile, simu, kompyuta, mashine ya gemu, utakuta vitu vidogo vya kutunza chaji, na vingi vilikuwa vinatengenezwa kwa madini ya tantalum. Tantalum inatoka kwenye koltani. Mwaka 2000 bei ya tantalum duniani ilipaa mara kadhaa ndani ya miezi michache. Huo ndio mwaka PlayStation 2 ilitoka, Machi kule Japan na Novemba Ulaya, na watu walikuwa wanapigania ya mwisho dukani. Watu wengi wameandika kama vile PlayStation peke yake ndiyo ilisababisha, na hiyo si haki. Simu zilikuwa zinalipuka wakati huo huo, na wanunuzi waliogopa uhaba wakaanza kurundika. Lakini koltani nyingi ilikuwa inatoka Kivu, mashariki mwa Kongo, katikati ya vita. Kundi la waasi la RCD lililokuwa limeshika Goma lilifika mahali pa kujipa ukiritimba wa kuiuza, Novemba 2000. Jopo la Umoja wa Mataifa likaandika ripoti yake mwaka 2001 kuhusu vile madini yanalisha vita.

Watu wa Kivu wanaongea Kiswahili. Si kama changu, chao kina ladha yake, lakini tukikaa meza moja tunaelewana. Kwa hivyo kijana wa umri wangu aliyekuwa anachimba kule Masisi kwa mikono mwaka 2000 alikuwa kwenye biashara ya kesho kuliko mtu yeyote aliyekuwa anacheza. Yeye ndiye alikuwa kiwanda. Kwenye skrini tulipewa mkuki.

Najua comment inayokuja. "Kwani si mtengeneze yenu?" Tulitengeneza! Hapa ndipo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Mwaka 2007 Mkenya anayeitwa Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ya mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Mwaka 2007, wakati wengi wetu tulikuwa hatujaona kompyuta kwa macho. Baadaye alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, studio ya Nairobi kwa jina Planet Rackus ikatoa Ma3Racer, gemu ya simu ambapo wewe ni dereva wa matatu na barabara ya Nairobi ndiyo adui. Mbio, fujo, abiria. Hiyo ni WipEout yetu, na haikuhitaji kungoja mwaka 2052.

Na kuna ile ya Andrew Kaggia. Kabla hajatengeneza Nairobi X, gemu ya mwaka 2015 ambapo viumbe kutoka anga za mbali wanavamia jiji, Kaggia alitengeneza filamu fupi ya katuni inaitwa Wageuzi: Battle 2012. Wagombea urais wa Kenya wamegeuka roboti-magari, wanapigana barabarani wakikimbilia Ikulu. Mbio za silaha za kesho, zimechorwa Nairobi, na kila mtu anayetazama anajua nani ni nani bila kuambiwa. Hiyo ndiyo kejeli sasa. Na kitu kinachonifurahisha zaidi ni hiyo 2012 kwenye jina. Wakati ule kila mtu alidhani uchaguzi utakuwa 2012. Ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Kwa hivyo Wageuzi nayo imekuwa kesho ya zamani, kesho ambayo haikufika siku yake. Ukiitazama leo unaona nchi iliyokuwa inangoja kitu kwa wasiwasi, miaka michache tu baada ya 2007 na 2008, na kijana mmoja akaamua kuuchukua huo wasiwasi akauwekea magurudumu na mizinga. Ningependa mwalimu wangu wa historia wa sekondari atuonyeshe hiyo badala ya kutusomea tarehe.

Wageuzi ni video, kwa hivyo inaweza kunakiliwa kutoka simu hadi simu. Gemu haiko hivyo. Gemu inaishi ndani ya mashine fulani, na mashine ikifa inakufa nayo. Ma3Racer ilikuwa ya simu za Nokia za enzi ile. Duka la mtandaoni la Nokia, lile lililoanza na jina la Ovi mwaka 2009, lilifungwa na wateja wakahamishiwa duka jingine mwaka 2015. Simu zenyewe ziko wapi? Ziko kwenye droo za akina mama pamoja na betri zilizovimba na vitambulisho vya zamani.

Angalia hesabu inavyokaa sasa. Kesho ya Liverpool ya 1995, ile ambayo haikuwa na sisi hata kwa bahati mbaya, naipata Ntimaru kwa MB 11. Kesho yetu ya miaka ya 2010, yenye matatu na lugha yetu, siwezi kuigusa. Ile ya Liverpool haikuokolewa na Sony. Wao walifunga studio. Iliokolewa kwa sababu kuna mtu aliweka kodi, mtu mwingine akaivujisha, na wa tatu alikuwa na muda na ujuzi wa kuisafisha bila kulipwa. Sisi tuna watu wa namna ya huyo wa tatu, wamejaa. Tunachokosa ni yule wa kwanza, aliyeweka.

Na serikali? Kitabu kikichapishwa Kenya, sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala kwa msajili. Sheria hiyo ya vitabu na magazeti ni ya mwaka 1960, kwa hivyo usishangae haina neno kuhusu gemu. Hifadhi ya nyaraka za taifa iko pale Moi Avenue, Nairobi, jengo zuri, nimeingia mara moja nikiwa bado chuo. Kuna barua za makarani wa kikoloni humo ndani, zimetunzwa vizuri kuliko kazi yoyote ya kidijitali ya mtu aliye hai. Sisemi wazitupe. Hizo barua zina kazi yake. Lakini Mkoloni aliyekuwa analalamika kuhusu kodi ya kibanda mwaka 1920 anasomeka leo, na dereva wa matatu wa kubuni wa juzi tu hachezeki.

Kuna wale watasema gemu ni mchezo tu, tuna shida kubwa zaidi, tumbaku hailipi, mahindi yameoza, karo. Hizo shida nazijua, niliacha chuo kwa sababu ya mojawapo. Ila mtoto anayekaa kwenye kibanda cha PS hapa kituoni, shilingi kumi kwa mechi, anafundishwa kitu na ile skrini, atake asitake. Anafundishwa mbio ziko wapi na ni nani anakimbia. Juzi niliwaonyesha WipEout watatu kati yao. Mmoja aliuliza swali moja tu, kabla hata hajashika kibodi: "Ya Kenya iko level gani?"

Nikamwambia haiko. Akaangalia kidogo, akachagua Qirex, akagonga ukuta.

Kwa hivyo nina ombi. Kama wewe, kaka yako, mjomba wako au yule fundi wa simu wa stendi mna Nokia ya zamani iliyo na Ma3Racer ndani, msiifute, msiiuze kwa wa vyuma. Ichaji polepole, uone kama inawaka. Kama ulikuwa na diski au faili ya Nyangi kwenye kompyuta ya zamani, usiguse kitu, niandikie. Kama uliwahi kutengeneza gemu yoyote ukiwa sekondari au chuo, hata ile ya duara linaruka juu ya mstari, na kodi bado iko kwenye flashi mahali, nataka kuiona. Nauli ya kufika Migori, Homa Bay, hata Kisii nitatafuta. Ng'ambo ya mpaka pia, Tarime si mbali. Nitakuja na waya zangu zote.